Ule wa kwanza ulipita

Jumapili nimeenda kwa mama Ukonga nikamkuta anajichua magoti na ile dawa yake, harufu ilivyonipiga puani tu nikawa nipo Minnesota, Marekani, mwezi wa 11, chumba cha kubadilishia nguo, mijamaa ya kilo 130 inapakana mgongoni.

Nilipokuwa nasoma huko nilicheza futiboli ya Kimarekani. Chuo kidogo, Divisheni ya 3, yaani daraja la tatu la michezo ya vyuo, huko hawatoi skolashipu za michezo kwa hiyo hakuna aliyekuwa analipiwa ada ili acheze, na kocha alinibeba kwa sababu aliniona jioni napiga soka letu hili la kawaida akaona nina mguu. Kazi yangu kupiga tu, basi. Unakaa benchi masaa matatu na baridi, unaitwa sekunde tano, unarudi kukaa. Mechi 10 msimu mzima, tisa za kwanza tulikula vichapo vyote, vingine aibu hata kutaja.

Sasa hii ya 10. Wao 16 sisi 14, zimebaki sekunde nne, yadi 34, kama mita 31 hivi. Nikipitisha katikati ya nguzo ni pointi tatu, tumeshinda. Ule mpira ni kama yai, jamaa anaudaka, kapiga goti, anausimamisha kwenye nyasi kwa kidole, na kwa baridi ile unakuwa jiwe. Nikapiga. Jamani ile sauti, "tup", sijawahi kuisikia tena mpaka leo, nilijua kabla hata sijainua kichwa. Ukapaa, ukapita juu ya mwamba katikati kabisaaa, nikaanza kukimbia mikono juu, sijui hata nilikuwa nakimbilia wapi, nakimbia peke yangu.

Kumbe filimbi ilishalia. Kocha wao kaomba taimauti, yaani mchezo usimame kidogo, mpira ukiwa haujarushwa bado, wanafanya makusudi ili mpigaji apate muda wa kuogopa, na mimi ndani ya helmeti sikusikia kitu. Nageuka namuona refa anapunga mikono. Rudia.

Wa pili ukagonga nguzo ya kulia ukarudi uwanjani.

Usiku nikampigia mama, kwao kunapambazuka. Akauliza, umefunga? Nikasema nimefunga. Akapiga vigelegele mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Nilitaka kuendelea kumwelezea ila kadi ya simu ikaisha. Sawa, haikuisha.

Sasa Jumapili kulikuwa na akina mama wa jumuiya wamekuja kumjulia hali, na yeye huku anajichua anawapa stori, huyuhuyu mnayemuona, Marekani, sekunde za mwisho, timu nzima inamtegemea yeye! Akanigeukia.

"Si ulipita mwanangu?"

"Ulipita mama. Katikati kabisa."