Reindia anakula mwani

Jamani, niko Longyearbyen, Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, nyuzi 78 kaskazini, na leo nimemwona reindia, mnyama mwenye pembe kama kulungu anayeishi nchi za baridi, akila mwani ufukweni. Mimi nimekulia Paje, Zanzibar, mwani naujua, mama zetu wanaulima. Lakini huyu ni mnyama wa majani ya bondeni na milimani. Ametelemka pwani kwa njaa.

Sababu ni mvua. Reindia amezoea theluji, huifukua kwa kwato mpaka akafikia majani. Siku hizi mvua inanyesha katikati ya majira ya baridi, maji yanaganda juu ya ardhi na malisho yanafungiwa chini ya barafu ngumu kama sakafu ya saruji. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa miaka ya barafu hiyo ndiyo wanayokimbilia mwani. Nao hauwatoshi, lazima wachanganye na majani machache wanayookoteza.

Imeniuma sana, maana kwetu nako maji ya bahari yakizidi joto mwani unaoza kwenye kamba, na akina mama wanakosa kipato. Wanaosema mambo ya ncha ya dunia hayatuhusu, naomba waache.