Nambari Tisa Yupo?

Chama cha mama yangu kilikuwa na wanachama 24, wote wakazi wa mtaa wa Umoja jijini Nairobi, na kilikutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, nyumbani kwa yule ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Kila mmoja alichanga shilingi 1,000. Hesabu ziliwekwa na mweka hazina, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, katika daftari kubwa la kaunta lililofunikwa kwa gazeti, wino wa buluu kwa waliolipa na mwekundu kwa wenye madeni. Kila mwanachama alikuwa na nambari yake, kuanzia 001 hadi 024, iliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyekula chumvi nyingi akiwafundisha watoto wa wenzake kushika kalamu. Mimi ndiye niliyejitolea, bila kuombwa na yeyote, kulistaafisha daftari hilo.

Wakati huo, mwanzoni mwa mwaka wa 2016, nilikuwa karani katika duka la vipuri vya magari kwenye Barabara ya Kirinyaga, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikijifundisha kuunda programu za kompyuta. Kila jioni nilipanda matatu, nikakaa katika msongamano wa Barabara ya Jogoo hadi magoti yakafa ganzi, nikafika nyumbani na kula, kisha nikafungua kipakatalishi cha mitumba nilichokinunua Luthuli Avenue, ambacho betri yake ilikuwa imekufa kiasi kwamba stima ikipotea nacho kinazimika papo hapo. Kando yake nililiweka daftari la aina ya Kasuku ambamo nilikuwa nimechora jedwali la siku zote tangu Septemba 2015. Siku niliyosoma niliitia tiki. Daftari hilo nililipenda kuliko masomo yenyewe, na wageni wakija nyumbani, mama akiwaambia kwamba mwanawe anasomea kompyuta, mimi nililitoa na kuwaonyesha safu za tiki kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

Programu ya chama ilinichukua wiki tatu. Niliingiza majina na nambari za wanachama kama zilivyokuwa katika daftari la mwalimu, sifuri zake zikiwemo, kwa sababu niliona kuziacha ni kumkosea adabu. Niliingiza pia malipo 72 ya miezi mitatu, Februari hadi Aprili, kila malipo na nambari ya aliyelipa. Kisha nikaiamuru kompyuta ijumlishe. Ilijibu 72,000, sawasawa na jumla ya mwalimu, nami nikafunga kompyuta kwa furaha, nikaweka tiki kubwa kuliko nyingine zote. Orodha yenyewe niliipitisha macho tu. Ilikuwa imepangika vizuri, mistari imejinambari yenyewe kutoka mmoja kushuka chini bila pengo, na chini kabisa ile jumla niliyoitaka.

Jumapili ya kwanza ya Mei nikafika mkutanoni na nakala zilizochapishwa saiba, kila mama na yake. Chai ilikuwa imemiminwa na mandazi yalikuwa yakizungushwa. Nilieleza kwa maneno mengi jinsi kompyuta ingewaondolea kazi ya kuandika kwa mkono, na nilikuwa bado nazungumza wakati mama mmoja mzee, anayeuza sukuma wiki katika soko la Mutindwa, alipoigeuza karatasi yake nyuma, akaigeuza tena mbele, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwani mimi nilikufa lini?"

Jina lake halikuwemo. Yeye alikuwa nambari 009. Kabla sijamjibu, wa nambari 018 naye akasema hajioni, na upande wa pili wa chumba mama mwingine akacheka kwa mshangao kwa kuwa karatasi ilimwonyesha amechanga shilingi 6,000 badala ya 3,000, akauliza kama hizo za ziada anaweza kurudishiwa siku hiyo hiyo.

Jibu nililolitoa naweza kulikariri hadi leo, ingawa ningependa nisiweze. Nilisema, "Kompyuta haikosei. Huenda katika daftari kuna waliolipa wakaandikiwa jina la mtu mwingine."

Anayejua vyama vya kina mama anajua neno hilo lina uzito gani. Nilikuwa nimesema, mbele ya watu 24 na bila kutaja jina, kwamba mweka hazina wao hajui kazi yake, au jambo baya zaidi ya hilo. Chumba kilinyamaza. Mama wa sukuma alitoa simu yake ya mulika mwizi mfukoni, akaazima miwani ya jirani yake, akaanza kutafuta ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja, akibonyeza kwa kidole gumba polepole, hadi akaipata yote mitatu na kuisoma kwa sauti, tarehe na kiasi. Mwalimu hakulifungua daftari lake kujitetea. Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Hesabu majina yaliyo kwenye karatasi yako, mwanangu."

Nikahesabu. Hata sikuhitaji kuhesabu, kwa maana mstari wa mwisho ulikuwa na nambari yake pembeni.

"Ishirini, mwalimu."

"Na sisi tuko wangapi?"

Mama yangu hakunigombeza. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alizungumza njia nzima juu ya bei ya unga, na nilipoingia chumbani alinigongea na kuniuliza kama nitakula.

Usiku huo nilikuwa na sababu zangu tayari, na ningeweza kuzipanga kama vipuri kwenye rafu: bando huisha kabla ya mwezi kwisha, stima hupotea, kompyuta ni kuukuu, mwalimu wa video anazungumza haraka mno, kazi ya duka inanichosha. Zote zilikuwa kweli, lakini hakuna hata moja iliyonizuia kuhesabu majina ishirini na manne. Nililivuta daftari la Kasuku nikaanza kulisoma upya tangu ukurasa wa kwanza, nikijiuliza kwa kila tiki nilifanya nini siku ile, na kama nakumbuka mstari hata mmoja wa msimbo nilioutunga kwa akili yangu mwenyewe. Palipokuwa na video tu, nilifuta. Palipokuwa na msimbo nilionakili neno kwa neno, nikaona programu ikifanya kazi na nikajisifu, nilifuta pia. Tiki zilikuwa 163, na nilipomaliza, yapata saa nane usiku, zilibaki 58. Nilijaribu kujitetea kwamba hata kutazama ni kujifunza. Mbele ya daftari la mtu mwingine labda ningeshinda kesi hiyo.

Kosa lenyewe lilinichukua siku kumi na tatu. Mwanzoni niliamini nimekosea herufi katika majina, nikayakagua yote. Kisha nikafuta kila kitu na kuandika programu upya kuanzia mstari wa kwanza, jambo ambalo lilinila jioni nne na kuniletea orodha ile ile ya watu ishirini, kwa sababu nambari niliziandika vile vile. Kulikuwa na usiku mmoja ambapo niliandika ujumbe wa kumwomba mwalimu aendelee na daftari lake na kunisamehe, lakini sikuutuma. Sitasema ilikuwa nia thabiti. Bando lilikuwa limekwisha.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa dukani asubuhi, nikaenda Maktaba ya McMillan katika Barabara ya Banda, nikapita kati ya wale simba wawili wa mawe wanaoulinda mlango tangu enzi za ukoloni, nikakaa mezani na karatasi tupu. Kompyuta niliiacha nyumbani kwa makusudi, kwani nilikuwa nimegundua kwamba nikiwa nayo mbele yangu nabadilisha mambo ovyo kabla sijafikiri. Niliandika kwa mkono nambari za waliopotea: 008, 009, 018, 019. Upande wa pili nikaandika za wale waliokuwa na pesa mara mbili: 010, 011, 022, 023. Nikaitazama safu ya kwanza kwa muda mrefu. Kila nambari katika safu ile ilikuwa na 8 au 9 ndani yake, na hakuna mwanachama mwingine katika chama kizima aliyekuwa na tarakimu hizo.

Sikusubiri mchana. Nilipofika nyumbani niliandika 010 peke yake na kuiuliza kompyuta ni ngapi. Ikasema 8. Nikaandika 011, ikasema 9. Nikaandika 024, ikasema 20. Nikaandika 018, na hapo ikasema 18 bila haya yoyote.

Mambo yalikuwa hivi. Lugha niliyoitumia ni JavaScript, ambayo Brendan Eich aliiunda mwaka wa 1995 na ambayo ilirithi mazoea mengi ya lugha kongwe ya C, likiwemo hili la kuisoma nambari inayoanza kwa sifuri kuwa ya mfumo wa nane. Ni hesabu ya mtu aliyekunja vidole gumba vyote viwili akabaki na vidole vinane vya kuhesabia: kwake, baada ya 7 inakuja 10, kwa hivyo 010 yake ni nane yetu na 024 yake ni ishirini yetu. Tarakimu 8 na 9 hazimo katika hesabu yake kabisa, na lugha ikikutana na 008 au 019 inabadili nia kimyakimya na kuisoma kwa mfumo wetu wa kumi. Basi 008 na 010 zote zikawa 8. Jina lililoandikwa baadaye likalifuta la kwanza, lakini pesa zao zikaangukia chungu kimoja, na ndiyo maana jumla ilitoka sawa na orodha ikajipanga bila pengo. Tangu 2009 kuna agizo fupi la maneno mawili ambalo ukiliweka juu kabisa ya faili, lugha inazikataa nambari za namna hiyo waziwazi. Sikulijua. Dawa ilikuwa kuzizungushia nambari alama za kunukuu ili zisomwe kama maandishi, kwa maana nambari ya mwanachama haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina lake la pili.

Na hapa ndipo palipouma. Nilifungua Kasuku nikitafuta kama somo la tofauti kati ya nambari na maandishi nilishawahi kulipitia. Lilikuwepo, tarehe 14 Oktoba, na lilikuwa mojawapo ya tiki nilizozifuta. Siku ile nililala video ikicheza, nikaamka saa saba usiku skrini ikiwa nyeusi, nikaweka tiki, nikazima taa.

Mkutano wa Juni ulikuwa nyumbani kwa mwanachama mwingine, jengo la pili kutoka kwetu. Nilisubiri hadi mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo, nikaomba kusimama. Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya mfumo wa nane, pamoja na ile habari ya vidole, ambayo niliiona ya kupendeza sana. Niliyaacha. Nilisema kwamba daftari la mwalimu halikuwa na kosa hata moja, kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nililitafuta na kulipata, na kwamba mwezi uliopita nilimtupia mwalimu lawama yangu mbele ya watu kabla hata sijahesabu majina. Kisha nikamwomba radhi mwalimu, na nikawaomba radhi wale wanne, kila mmoja kwa nambari yake.

Mwalimu alifungua daftari la kaunta juu ya magoti yake, akavaa miwani. "Soma," akasema. Nikasoma majina yote 24 na kiasi cha kila mmoja, naye akafuata kwa ncha ya kalamu mstari kwa mstari, bila haraka, kama anayesahihisha imla. Tulipofika mwisho alifunika kalamu na kuwaambia wenzake kwamba daftari litaendelea, na orodha ya kompyuta itasomwa kando yake kila mwezi hadi yeye atakaporidhika. Hakusema ataridhika lini. Iliendelea hivyo hadi mwaka uliofuata ulipokuwa nusu.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa kama mwanaprogramu niliipata mwaka wa 2018, baada ya barua nyingi za kukataliwa ambazo zina hadithi yake. Daftari la Kasuku lilijaa, nikanunua la pili, tiki zake zikiwa chache na za kukaa mbalimbali.

Mama wa sukuma bado yupo Mutindwa, meza ile ile, upande wenye kivuli. Katika miezi yote ile ya kusoma orodha mbili, kabla sijafungua mdomo, yeye ndiye aliyeanza kuuliza, "Nambari tisa yupo?" na kina mama wote wakacheka, mwalimu akiwa miongoni mwao. Siku hizi nikipita kununua mboga ananiuliza vivyo hivyo kabla ya salamu, huku kisu kikiendelea kukatakata.

"Yupo, mama," namjibu.

"Basi leo nikukatie ya ngapi?"