Miezi mitano, mpaka mtoto atambae

Afisa wa uhamiaji alikishika cheti changu cha chuo kwa ncha za vidole, akakiinua kwenye taa kama noti anayoishuku. Begi langu lilikuwa wazi mezani, na vinguo vya mtoto nilivyovikunja kwa uangalifu vimetawanyika kama vya mnadani.

"Umesema umekuja kutembea. Vyeti vya nini?"

Jibu la kweli ni kwamba mama alinilea nikiamini vyeti haviachwi nyumbani, maana nyumba huungua na wezi huingia. Ninakwenda navyo kila mahali. Lakini hebu jaribu kulisema hilo mbele ya meza ile. Nililisema, na mimi mwenyewe sikujiamini. Mtu aliyebeba vyeti halisi vya kidato cha nne, cha sita na chuo anaonekana amekuja kutafuta boksi la kubeba.

Nchi yenyewe siitaji. Afisa alikuwa anafanya kazi yake, na makosa yalikuwa yangu. Dada yangu alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, shemeji anafanya kazi za zamu, na mimi nilikuwa na likizo bila malipo ya miezi mitano. Viza ninayo, nimeipata bila shida. Nikadhani mtihani umekwisha. Kumbe viza inakufikisha mlangoni tu, hodi unapiga upya. Hata Marekani, ambako viza huweza kuwa ya miaka kadhaa, siku za kukaa huamuliwa pale unapoingia, na tarehe ya mwisho husomwa kwenye I-94, rekodi yao ya kuingia kwako, si kwenye viza. Wapo waliopitiliza siku zao huku viza bado hai, wakashangaa kuitwa wazamiaji.

Kosa la pili lilikuwa neno "kusaidia". Nilipoulizwa nimefuata nini, nilisema nimekuja kumsaidia dada na mtoto, tena kwa fahari. Mwenzangu alisikia yaya asiye na kibali. Nimesoma baadaye miongozo ya Uingereza: ndugu anaweza kumwangalia mtoto akiwa matembezini, ilimradi ziara iwe fupi na isiwe ajira ya kulea. Iwe fupi! Miezi mitano ya kubembeleza mtoto inahitaji maelezo ya ziada, na mimi maelezo sikuwa nayo, nilikuwa na vyeti.

La tatu ndilo linaloniuma. Alipouliza nitakaa muda gani, nikaona mitano ni mingi, nikasema, "Kama miezi mitatu hivi." Tiketi ya kurudi ilikuwa ya miezi mitano, na iko mkononi mwake. Hakubishana. Akaniuliza namba ya mwenyeji wangu, akampigia dada palepale huku nikisikia. Na dada, kwa roho yake nyeupe, akajibu, "Atakaa mpaka mtoto atambae."

Watoto hutambaa wakiwa na miezi saba, minane, wengine zaidi. Nikamwona afisa anapiga hesabu.

Nikapelekwa chumba cha pembeni, kwenye viti vya chuma. Saa mbili pale zinatosha kukufundisha wanachotafuta. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa nini naingia; yeye alitaka kujua nitatoka vipi. Nani analipia, kwa nini muda huo na si mfupi zaidi, na kipi kinanivuta kurudi. Barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuripoti kazini, ambayo nilikuwa nimeiacha kwenye barua pepe huku simu haina intaneti, ingenimalizia nusu ya maswali.

Siku hizi naichapisha. Inakaa kwenye begi la mkononi pamoja na tiketi ya kurudi, taarifa ya benki na barua ya mwaliko, na mwenyeji ana nakala ya kila kitu ili tusije tukapishana kauli. Nikienda nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, nahesabu siku kwenye kalenda: ni 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Wengi hudhani ukitoka wikendi moja hesabu inaanza upya. Haianzi. Zamani ungeweza kuomba mihuri iliyofifia ikufichie, lakini tangu Oktoba 2025 wameanza kusajili wageni kwa alama za vidole na picha ya uso, na mashine haisahau. Pasipoti nayo iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku uliyopanga kuondoka, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Vyeti siku hizi anavitunza mama. Namwachia kwa mkono wake, na kila mara ananiuliza kama nimepagawa.

Na yule afisa? Alirudi, akanirudishia pasipoti bila kunitazama sana. Alinipa miezi mitatu, ile niliyoitaja mwenyewe. Nikalipa faini ya kubadilisha tiketi, na siku naondoka mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kujigeuza kifudifudi.