Vichwa vya Changu

Nilimwita Shombo kwa sababu siku niliyomwokota soko la samaki la Malindi, Unguja, alinuka kuliko samaki wenyewe. Nilikaa naye miezi minne tu.

Alianza kwa kukataa chakula. Paka wa Mji Mkongwe akikataa kichwa cha changu, ujue lipo jambo. Kesho yake akatapika povu la manjano, kisha akajikunyata mbele ya bakuli la maji, kidevu ukingoni, wala hanywi. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akauliza, "Huyu kachanjwa?" Nilibaki mdomo wazi. Nilidhani chanjo ya paka ni ile ya kichaa cha mbwa basi, na wangu hatoki nje. Alitundikiwa dripu siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu nilimkuta amekauka juu ya kanga yangu.

Kaka alimchimbia shimo uani. Mama, aliponiona sili, akauliza kama nataka kumwekea na matanga. Yeye huyohuyo aliyekuwa akimfichia dagaa kwenye upindo wa kanga!

Kila mtu alinambia chukua mwingine, paka wamejaa vichochoroni. Daktari ndiye aliyenizuia. Kirusi cha ugonjwa ule huweza kukaa ndani ya nyumba hata mwaka mzima, na sabuni ya kawaida haikiwezi. Nipige jiki, nichome mkeka, na nisiingize mtoto wa paka asiyemaliza chanjo. Nilipiga jiki mpaka macho yakaniwasha. Kusema kweli, nilishukuru kupata kisingizio.

Muuza samaki sikumwambia kitu. Wiki tatu aliendelea kunifungia vichwa "vya mwanao", nami nikipokea na kuvimwaga kwa paka wa barazani. Siku nilipomwambia, alinyamaza, akaendelea kuparua magamba. Kisha akaonesha kwa kisu chini ya meza. "Yupo yule pale, mtu mzima, mkia umekatika. Hana adabu hata kidogo."

Alikuwa anavuta utumbo wa samaki, hakunijali.

Nikampigia daktari palepale, mfuko unachuruzika. Paka mkubwa anachanjwa? Anachanjwa, akasema, ila mpitishe kwangu kwanza.

Siku ile nilirudi na vichwa tu. Mama akavitazama, akauliza ni vya nani.