Siku Mama wa Usafi Alipotuuliza Swali

Hii stori nimekaa nayo miaka, acha niiseme tu. Mimi nlikuwa sekretari wa ule mkutano wa mazungumzo ya dini, na si kwa sababu ya elimu yoyote, ni kwa vile nachapa haraka na laptopu yangu ilikuwa inakaa na chaji. Siku mbili, ukumbi wa taasisi moja ya dini ambayo siitaji, mada ikaandikwa kwenye bango kubwa: dini na haki za wanyonge.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Padri katuletea Nostra Aetate, ile hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ya tarehe 28 Oktoba 1965, kasoma pale inaposema Kanisa halikatai lolote la kweli na takatifu lililomo kwenye dini zingine. Shehe naye akajibu na ile barua ya 2007, wanazuoni wa Kiislamu 138 waliwaandikia viongozi wa Kikristo kwamba kumpenda Mungu na kumpenda jirani ndo pa kukutania. Afu kulikuwa na rabi mmoja mzee, yaani kiongozi wa dini wa Kiyahudi, sauti ya chini mpaka maiki inapiga mluzi, huyo akaeleza habari za Abraham Joshua Heschel, rabi aliyeandamana na Martin Luther King kule Selma, Marekani, kudai haki za watu weusi, mwezi wa tatu 1965, baadaye akasema alijisikia kama miguu yake inasali. Ukumbi mzima ukaguna ile ya kuguswa. Mimi nachapa tu, "wajumbe walikubaliana", "wajumbe walikubaliana", hadi nkaona niikopi niwe nabandika, manake kukubaliana juu ya Selma ukiwa umekaa kwenye kiti chenye mto hakukugharimu kitu bana.

Siku ya pili mchana ikaja mada ya ujira wa wafanyakazi. Padri akaanza na Rerum Novarum, ile barua ya Papa Leo XIII ya 1891 juu ya wafanyakazi, kwamba mshahara usipomtosha mtu kuishi basi hata kama alikubali mwenyewe bado ni dhuluma. Mchungaji akashika Yakobo 5:4, ujira uliozuiwa unapiga kelele. Shehe akamalizia na hadithi ya Mtume iliyoko kwenye kitabu cha Ibn Majah, mpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Makofi! Yaani makofi ya kweli, watu wanatikisa vichwa.

Sasa pale mlangoni kasimama mama wa usafi, kaja kuchukua ndoo ya taka, dekio kaliegemeza begani, mkono mmoja kavaa glovu ya mpira na mwingine hana. Makofi yalipotulia akasema, taratibu kabisa, "Samahani wazee wangu, hayo maneno yanatuhusu na sisi tunaodeki humu ndani?"

Kimya.

"Huu sasa ni mwezi wa tatu mfululizo hatujalipwa," akaongeza, kama anayejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mwenyeji wetu akainuka haraka, tabasamu lile la kufunika, "Mama, hilo ongea na kontrakta wenu, sisi hapa hatuajiri watu wa usafi." Na ingeishia hapo, nakwambia, watu walishaanza kufungua makabrasha, ila yule rabi akauliza, kontrakta mmemlipa? Mwenyeji akaanza kuzunguka, malipo yapo kwenye mchakato, kuna ucheleweshaji kidogo, fungu limebanwa. Limebanwa na nini? Hakujibu, ila mimi nlikuwa nalijua jibu, manake bajeti ya mkutano nliichapa mimi. Bango, makabrasha, vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, vyote vimelipwa, afu mstari wa usafi nikaandika kwa vidole vyangu hivi "itasubiri". Niliambiwa niandike hivyo nikaandika, wala sikuuliza, nlikuwa nawaza tu jedwali liingie ukurasa mmoja.

Hapo ndo mazungumzo ya dini yakaanza kweli, kama utaniuliza mimi. Mchungaji akasema tusimwaibishe mwenyeji mbele za watu, mambo haya huongelewa pembeni. Shehe akamkatiza, "Mchungaji, hadithi nimeshaisoma kwa maiki, siwezi tena kuirudisha mfukoni." Padri akamuunga mkono Mchungaji, kitu ambacho siku nzima iliyopita hakijatokea. Sauti zikapanda. Kuna mtu akasema mama huyu katumwa. Rabi yeye kafungua Torati, Kumbukumbu 24:15, akasoma kwamba kibarua alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, kisha akageuka akaangalia dirisha. Saa kumi kasoro. Wote wakaangalia dirisha na yeye, hata waliokuwa wanabisha.

Mhasibu akaitwa, na mtu wa kusaini hundi kumbe alikuwa kakaa mstari wa mbele tangu asubuhi. Ikalipwa miezi miwili, wa tatu ukaambiwa mwezi ujao. Mwezi ujao nlipopita pale yule mama hayupo, nikaambiwa kontrakta kambadilishia kituo. Kwa nini, hakuna aliyesema, na mimi sikuuliza, yaani kwa mara ya pili.

Lakini ile jioni yenyewe, wageni wameshaondoka, mwenyeji akaniinamia pale mezani, "Ile sehemu ya mchana, kwenye ripoti uiweke kwa ujumla tu." Nikachapa: wajumbe walijadili kwa kina suala la ujira wa wafanyakazi. Nikaiangalia. Nikafuta "kwa kina", nikairudisha.

Nikasikia ndoo inaburutwa. Ni yeye, anadeki kuanzia mbele, anapanga viti vyetu huku anakuja, mpaka akafika kwenye meza yangu na zile nyaya. Wala hakuangalia nlichokuwa nachapa.

"Nyanyua miguu, mwanangu," akasema, "nipitishe hapo chini."

Nikanyanyua.