Mabomba yatoke China, kupinda kubaki Kamalondo

Karakana yangu iko Kamalondo, hapa Lubumbashi. Tunatengeneza keria nzito za baiskeli, zile za wauza makala, yaani makaa ya kupikia, wanaoingia mjini kwa barabara ya Kasenga. Oda zilipotuzidi nguvu, mfanyabiashara mmoja aliyezoea kuagiza mali Guangzhou alinijia: “Papa, nipe sampuli na mchoro tu. Kontena litafika.” Bei aliyotaja ilikuwa tamu.

Nilikubali nusu. Habari ya Schwinn, kampuni ya baiskeli ya Chicago, nilikuwa naijua. Wafanyakazi wake walipogoma mwaka 1980, iliongeza oda kwa Giant ya Taiwan, na utaalamu ukaenda huko pamoja na oda. Giant ikaanza kuuza kwa jina lake; Schwinn ikafilisika 1992. Mchoro si kitu, mtu hununua baiskeli moja akaipima. Kinachomfundisha mwenye kiwanda ni malalamiko yako: hapa pamevunjika, ongeza unene, hapa pamelegea, sogeza tundu. Unamlipa, na bado unamsomesha.

Basi niliagiza mabomba yaliyokatwa tayari, bolti, nati na vibati vyenye matundu, nikagawa oda kwa viwanda viwili. Mzigo ukapita Dar es Salaam hadi mpakani Kasumbalesa (foleni ya malori pale, tuiache). Kupinda na kuchomelea kukabaki kwetu. Bomba tunalijaza mchanga mkavu, tunaziba ncha zote mbili, tunalipasha moto mpaka liwe jekundu, ndipo tunalipinda. Bila mchanga linabonyea. Mchanga ukiwa na unyevu, mvuke unarusha kizibo. Upande wa nje wa kona chuma huvutika kikawa chembamba, kwa hiyo hatuchomelei kitu hapo. Hilo tulilijua kwa wauza makala waliokuwa wakiturudishia keria zilizokatika, tena kwa matusi.

Bei haikushuka kama alivyoahidi yule bwana, maana kupinda na kuchomelea ndiyo kazi yenyewe. Ila ilitosha kutuwezesha kupokea oda. Yeye alinunua keria yangu sokoni akaipeleka mwenyewe. Nakala zake zilipofika, nilikata moja kwa msumeno: kona imebonyea, na wamechomelea palepale. Sikumwambia.

Mshindani ninayemhofia yuko karibu zaidi. Kijana niliyemfundisha amefungua karakana yake Katuba, na anapinda vizuri kuliko mimi. Tumeelewana: vipande ananunua kwangu, kwa bei ya jumla.