Sahani za Rousseau: kumbukumbu ya mradi, kutoka bamba la shaba hadi tanuri

Mradi huu unarudia mbinu ya sahani ambazo Eugène Rousseau, mfanyabiashara wa Paris, aliziagiza mwaka 1866. Michoro ni ya Félix Bracquemond, kazi ya kiwanda ni ya Creil-Montereau. Bracquemond alitoa jogoo, samaki, wadudu na maua kwenye picha za Kijapani, za Hokusai hasa, akazichonga kwa asidi kwenye mabamba ya shaba. Kiwandani picha zilikatwa moja moja na kupangwa upya juu ya sahani.

Mabamba: tayari. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi, kisha huhamishiwa kwenye sahani. Kwa hiyo usichore kinyume; karatasi huigeuza picha, sahani huirudisha. Mistari ichimbwe zaidi ya ile ya kuchapia karatasi, maana mstari mwembamba hubeba rangi haba na humezwa na glezi, yaani tabaka la kioo linalofunika sahani.

Wino: rangi ya kauri iliyosagwa na mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mzito kama asali ya baridi. Bamba lipashwe moto wakati wa kupaka na kufuta. Karatasi ya shashi ilowanishwe kwanza kwa maji ya sabuni laini, la sivyo hung'ang'ania.

Kuhamisha: sahani iwe imechomwa mara moja, kwetu 1120°C, ingali inafyonza. Bandika, sugua kwa brashi ngumu bila kuisogeza karatasi, kisha loweka. Karatasi huachia, wino hubaki, kwa kuwa ni wa mafuta. Rangi nyingine hujazwa kwa mkono.

Upangaji ndio mtihani wenyewe. Picha moja kubwa ikae kando, hata ikaribie ukingo. Ya pili iwe ndogo zaidi. Mdudu atupwe mbali nazo. Kituo cha sahani kisijazwe. Mkono uliozoea mashada ya Ulaya utataka kusawazisha pande mbili, na hapo Ujapani wote umepotea, hata jogoo awe wa Hokusai mwenyewe.

Kabla ya glezi, choma hadi 700°C, polepole, tanuri likipitisha hewa. Ukiruka hatua hii mafuta husukuma maji ya glezi, nayo hujikunyata na kuacha mistari uchi.

Kinachofuata: glezi angavu isiyo na madini ya risasi, 1060°C, kwenye vigae vya majaribio kwanza. Ikipasuka nyufa nyembamba baada ya kupoa, imenywea kuliko udongo. Tutaongeza silika (madini ya mchanga) kidogo kidogo.